Wimbo Ambao Kopi Hajausikia

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, na anayekaa mwisho inabidi ashike ukuta, maana wenzake wakiinuka ghafla yeye anakwenda chini. Asubuhi hiyo aliyekaa mwisho alikuwa mwimbaji wa bendi ya ukumbini. Jina la kwao walishalisahau, walimwita Kopi. Bendi yao haina hata wimbo mmoja wa kwake, hupiga za wengine, naye Kopi huziimba kama zilivyo, kiasi kwamba mwenye wimbo akikohoa kwenye rekodi, Kopi naye hukohoa palepale. Sasa bendi ilikuwa imepata kazi ya mwaka mzima hotelini, mji mwingine, na gari la vyombo lingepita pale kabla ya adhuhuri kumchukua. Wakati huohuo alikuwa ameahidiwa ukumbi Jumamosi, asimame peke yake na wimbo wake mwenyewe. Apande gari au abaki? Jambo lilikuwa hilo tu, na kijiwe kilikuwa nalo tangu kahawa ya kwanza.

— Baki, alisema Mzee Breki, dereva mstaafu wa lori, ambaye hata kikombe alikishika kama usukani. Mtu hawezi kuendesha gari la watu mpaka anazikwa.

— Wewe si uliendesha la watu mpaka ukastaafu? alisema Mama Birika, muuza kahawa, akimimina.

— Ndiyo maana nasema! Unadhani nimeambiwa?

Kopi alikohoa kidogo. Wote wakasubiri wajue kikohozi hicho ni cha nani.

— Wazee wangu, shida si kubaki. Ukumbi upo. Wimbo upo, nimeutunga mwenyewe, maneno yote ninayo. Shida ni kwamba sijui unaimbwaje.

— Unaimbwaje vipi? Si wako?

— Wangu. Lakini sijausikia.

Kinyozi alitoka mlangoni na wembe mkononi. Ndani alikuwa amemwacha mteja na povu shavuni.

— Hebu sema tena, polepole.

— Mimi nimezoea kusikia kwanza, halafu ndiyo niimbe. Huu hakuna aliyewahi kuuimba. Nikifungua mdomo, najikuta namsubiri mwenyewe aanze.

Breki alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kiatu.

— Chekeni tu, alisema Kopi, na makosa zaidi nimeyafanya, nayakiri. Nilimpa dada yangu auimbe, nikamrekodi kwenye simu, nijifunze kwake.

— Ikawaje?

— Dada siku hiyo alikuwa na mafua.

— Ehe!

— Basi nauimba puani. Nimejitahidi, hautoki puani. Halafu kwenye kibwagizo mwanawe alivuta sufuria jikoni, dada akamkemea. Nami kila nikifika pale, nisiposema "acha hiyo sufuria," mstari unaofuata haufunguki.

— Mimi nimeshaijua shida, alisema Kinyozi. Nywele. Sauti za watu zimekukaa kichwani miaka yote hii. Nakunyoa kipara, na nyusi naziondoa. Jumamosi unapanda jukwaani kama ulivyotoka tumboni kwa mama yako. Mtoto mchanga analia kwa sauti ya nani? Si yake?

— Hata mimi ningelia nikikuona na huo wembe, alisema Breki. Rudi ndani, povu la mtu linakauka.

— Acheni mzaha, alisema Mama Birika, mwanamke wa sala. Huyu afunge mdomo mpaka Jumamosi. Hata salamu aitikie kwa kichwa. Amwombe Mungu tu. Hizo sauti za kuazima zitachoka kukaa bure, zitaondoka zenyewe, ibaki aliyopewa na Muumba wake.

— Na zikiondoka zote, isibaki hata moja? aliuliza Breki.

— Atakuwa bubu mcha Mungu. Kuna ubaya gani?

Breki aliinuka ghafla. Ubao ukainama, Kopi akang'ang'ania ukuta.

— Nimepata. Afe.

— Mungu apishe mbali!

— Afe kidogo tu, mama! Tunatangaza msiba. Watu wakiambiwa mwimbaji amefariki, ghafla kila mtu anasema alikuwa anampenda. Mimi nalia huku, Kinyozi analia kule. Jumamosi anatokea mgeni, kofia, miwani nyeusi, anasema amekuja kuimba wimbo wa marehemu. Kukopi si ndiyo kazi yake? Basi amkopi marehemu!

Mama Birika alijizuia kucheka jambo la mauti, akashindwa, kisha akaomba msamaha kimoyomoyo, birika likiwa bado mkononi.

— Na bado hujanisaidia, Mzee Breki, alisema Kopi kwa unyonge. Marehemu aliimbaje?

Breki akakaa chini. Hapo hakuwa amefika.

Kopi hakucheka. Alikuwa akiiwaza hoteli. Kule watu wasipoupenda wimbo, lawama ni ya mwenye wimbo, na mwenye wimbo yuko mbali, hana habari. Jumamosi wasipoupenda, hakutakuwa na mtu wa kujificha nyuma yake. Huo ndio ukweli, na aliuonea aibu kuusema mbele ya watu wanaomtakia mema. Afadhali kusingizia mafua ya dada.

Mpita njia mmoja, fundi bomba, suruali imelowa tope mpaka magotini, alikuwa amesimama akisubiri kahawa yake.

— Samahani, kaka, mimi mgeni hapa. Huo wimbo uliutungia wapi?

— Nyumbani, uani. Nilikuwa nafua jaketi za bendi.

— Unafua kimya?

— Hapana, naimbaimba tu. Ndivyo maneno yalivyokuwa yanakuja.

— Sasa pale kwenye beseni aliyekuwa anaimba ni nani?

Kopi alimtazama Breki. Breki alimtazama Kinyozi. Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja, lakini hakwenda. Mama Birika akampa fundi kahawa yake.

Honi ikalia. Gari la vyombo lilisimama mbele ya benchi, ngoma zimefungwa kamba nyuma, na kiongozi wa bendi, waliyemwita Mwalimu, ambaye habari za Jumamosi zilikuwa zimemfikia, akatoa kichwa dirishani.

— Panda, baba! Safari ni ndefu.

Kopi alisimama. Miguu ilitaka kupanda, hilo Mungu shahidi. Alifungua mdomo ajibu, na kilichotoka ni mstari wa kwanza wa wimbo, chinichini, mikono ikijikunjakunja kama inakamua nguo. Ilikuwa sauti nzito, yenye mikwaruzo, isiyo nzuri sana. Lakini haikupita puani. Kilipofika kibwagizo, Kinyozi alishika kichwa akiisubiri sufuria. Haikuja.

Mwalimu alizima gari. Miaka yote alimsahihisha Kopi kwa kubonyeza rekodi tu: sikiliza, mwenyewe kafanya hivi. Kidole chake kikaenda kwenye redio ya gari, kikasita, kikarudi. Hakukuwa na cha kubonyeza.

— Hapo mwisho umekosea, alisema. Sauti inapanda pale.

 Kopi hakuwahi kumbishia Mwalimu hata mara moja.

— Inashuka, Mwalimu.

— Nani kasema?

— Mimi.

Mwalimu akawasha gari.

— Haya. Jumamosi uishushe hivyohivyo, nisije nikaambiwa nilikufundisha vibaya. Tutatafuta mwingine.

Gari likaondoka. Kopi akakaa tena mwisho wa ubao, akanyoosha kikombe. Mama Birika aliliinamisha birika mpaka tone la mwisho.

— Lakini ukiniuliza mimi, alisema Breki vumbi lilipotulia, pale mwisho ningeipandisha.

— Tunga wako, Mzee Breki, alisema Kopi, akanywa.