Siku Maman Alisahau Ile "Na"

Ba papa, ba maman, na ninyi wenzangu mliofika hapa kwa fimbo, kwa magurudumu ao kwa mgongo wa mtu, jambo yenu wote.

Wakubwa wa chama chetu cha walemavu wameniomba niseme kidogo. Nimeandika kwenye karatasi ili nisipotee, juu nikianza kufurahi ninaongea kama redio. Sitataja jina la mtu hata mmoja. Ukijitambua, cheka tu, na sisi tutajifanya hatujaona.

Wengi mnanijua kama yule kijana mliyekuja kumunyang'anya kiti. Msiiname, ndugu zangu! Naona watu watatu pale mbele wameanza kuangalia viatu vyao. Inueni vichwa. Sina kinyongo. Ila mshangao, huo bado ninao. Mpaka leo asubuhi nikiwa napiga mswaki nimejikuta nimesimamisha mkono, nasema peke yangu: kweli mambo haya yote yalinipata mimi?

Nilikuwa convoyeur wa taxi-bus. Kwa wale wenye hawajawahi kufanya kazi ya gari, convoyeur anaita abiria, anafunga mlango, na anatunza cale. Cale ni kile kipande cha mbao cha kuzuia gurudumu. Bukavu yetu ni mipando mitupu, kupanda na kushuka, na magari yetu mnayajua. Gari ikisimama kwenye mpando, chauffeur kwenye usukani anapiga kelele, "Cale!" Unaruka chini, unaisukuma nyuma ya gurudumu. Abiria akishashuka, anapiga kelele tena, "Toa cale!" Unaitoa, unakimbia nayo, unaning'inia mlangoni gari ikiwa imeshaondoka. Masomo yangu yaliishia kwenye primaire, lakini kazi hiyo niliijua kuliko mtu yeyote. Na chauffeur wangu aliniahidi kwamba siku moja nami nitashika volant, niendeshe mwenyewe. Nilikuwa nikilala, mikono yangu inageuza volant juu ya blanketi.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mpando wa Kadutu maman mmoja akasema, "Nashukia hapa." Chauffeur akasema, "Cale!" Nikaruka, nikaiweka. Niliiweka vizuri, na nitasema hivyo mpaka mbele ya Mungu. Halafu nikaiona inateleza kwenye matope kama sabuni. Ndugu zangu, kuna kushangaa kwenye hakuna sauti. Sikukimbia. Sikuita mtu. Nilikuwa bado naangalia ile mbao, nauliza moyoni inaenda wapi, wakati gari iliponibana kwenye ukuta.

Abiria wote walitoka wazima. Mimi mgongo ulivunjika. Daktari akaniambia kwamba kutoka kiunoni kwenda chini, nisingojee kitu. Nilikuwa naigusa miguu yangu kama mtu anayegusa vitu vya jirani, na woga wa kukamatwa.

Nililala nyumbani kwa maman yangu, anayeuza makala ya kupikia. Nyumba yetu iko kando ya barabara. Kila mara nikisikia taxi-bus inapanda na mtu anapiga kelele "Cale!", nilijifunika uso. Maman alinileta kwenye chama hiki mgongoni, mimi mwanaume mzima, na mkanipa kiti cha magurudumu bila kuuliza niliumia aje. Nikawashukuru kwa mdomo. Ndani yangu nilikuwa nimezima.

Sasa sikilizeni. Siku moja mchana dada yangu ananionyesha video kwenye simu yake. Mwanaume mmoja, miguu imelala kama yangu, anaendesha gari ya mashindano ndani ya nyumba yake! Mbele yake kuna volant na kioo cha komputa, na kila kitu anakifanya kwa mikono, gaz ya kuongeza mbio kwa mkono, frein ya kusimamisha kwa mkono. Nilifikiri ni uongo. Nikairudisha. Nikairudisha tena mpaka mega za internet za dada yangu zikaisha.

"We mushenzi!" akanitukana. "Ile mega nilikuwa naweka ya kuongea na mutu!"

"Na mutu gani?" nikamuuliza.

Akanipokonya simu. Maman akacheka kule inje. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko kwetu tangu siku ya gari.

Hatukuwa na kitu. Lakini kitu cha kuokota si haba katika mji huu. Komputa ilitoka kwa papa mmoja aliyefunga duka lake la fotokopi. Kioo chake kina mstari wa kijani katikati, nami nikiendesha najisemea ule ni waya wa courant kwenye nguzo za barabarani. Volant ya mchezo tuliipata kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika. Aliishika nyuma ya mgongo wake kama mtu anayeungama.

"Mutoto, sikudanganye. Iko bila pedali."

"Papa," nikamwambia, "hata mimi niko bila pedali."

Akaniangalia. Akaangalia miguu yangu. Halafu alicheka mpaka akashika meza, na akapunguza bei bila mimi kumwomba.

Gaz na frein za mkono, hizo ni kazi ya papa fundi wa redio wa mtaani kwetu. Nilimwonyesha ile video na kumwambia wazungu wanauza kifaa hicho kwa bei ya kununua ng'ombe. Akakuna ndevu zake.

"Gaz ni nini?" akaniuliza. "Ni kuongeza na kupunguza. Redio inafanya ile kazi mbele wewe uzaliwe."

Akatoa vitufe vya kuzungushia sauti kwenye redio mbili zilizokufa. Akavifunga kwa waya kwenye mikono ya frein ya baiskeli ya zamani, na waya nyingine akaziunga kwenye tundu la pedali la volant. Ndugu zangu, nikibana mkono wa kuume, gari inaongeza mbio kama mtu anayeongeza sauti ya muziki. Nikibana wa kushoto, inanyamaza. Nilikaa nabana na kuachia, nabana na kuachia, mpaka fundi akaniuliza kama niko na akili.

Kiti cha kuendeshea hatukununua. Wengine kwenye video wana viti vya magari kabisa, lakini nani angenihamisha kila siku? Mgongo wa maman umechoka na makala. Basi tulitengeneza meza kwa kipimo cha kiti changu cha magurudumu, ninaingia chini yake vile vile nilivyokaa. Kama kuna mwenzangu hapa anataka kufanya hivyo, aanzie pale: pima kwanza kiti ulichonacho, halafu ndipo ukate mbao.

Siku ya kujaribu, watu walijaa mlangoni. Nikabana gaz, gari ikaenda! Kona ya kwanza ikafika, nikakamata frein kwa nguvu, nikageuza volant, na kiti changu kikaanza kurudi nyuma. Sakafu yetu ina mteremko, na frein za kiti zilikuwa zimekwisha. Nikaona meza inaenda mbali na mimi. Nikaona ukuta wa siku ile. Nilipiga kelele kama mtoto mchanga, watu wakanidaka karibu na mlango.

"Toeni hii kitu," nikasema. "Muitoe yote. Sitaki kuiona."

Watu wakatoka. Maman peke yake akabaki. Aliinama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akavuta kitu kilichofungwa kwenye kitenge cha zamani. Akafungua.

Ilikuwa cale yangu.

Niliijua kwa ile kona yake iliyoumwa na pneu ya gari. Nilifikiri ilibaki kwenye matope ya Kadutu.

"Niliokota ile siku," maman akasema. "Nilitaka niitie mu moto. Kila siku nasema leo. Nikashindwa."

"Maman, ile njo ilinivunja."

Aligeuka. Aliisemesha ile mbao, ameiinua mbele ya uso wake kama mtu anayegombeza mtoto: "Ile gari ilikuwa muzito, ikakushinda. Huyu wangu haiko muzito. Umuzuie."

Akapiga magoti, akaiweka nyuma ya gurudumu la kiti, akaigonga na ngumi. "Endesha," akasema.

Nikaendesha. Kwenye kona nikabana frein kwa nguvu zangu zote. Kiti hakikutikisika. Nikapita kona ile, na nyingine, na nyingine, na mstari wangu wa kijani, machozi yanaingia mdomoni. Maman aliniuliza kama gari imenipiga. Nikamwambia, "Hapana, maman. Naendesha."

Hapo ndipo aliniuliza hii machine inaitwa aje. Nikamwambia inaitwa simulateur.

Sasa tumefika. Wale watatu, vumilieni.

Maman yangu hakusoma kifaransa. Alilibeba neno hilo kama mtu anayebeba mayai, akaenda nalo misa ya Jumapili. Watu wakitoka kanisani, akawaambia wote: "Mutoto wangu sasa iko simulateur! Toka asubuhi mpaka mangaribi iko simulateur! Hata anasahau kama miguu inagonjwa!"

Katika watu waliosikia alikuwamo mwalimu mmoja wa chama chetu, mtu wa vitabu. Kwa kifaransa, simulateur ni machine kama yangu. Lakini ni jina pia la mtu anayejifanya mgonjwa na si mgonjwa, na "iko" ya kwetu ni kusema "yeye ni". Na mwalimu machine kama hiyo alikuwa hajawahi kuiona. Zaidi ya hapo, wakati ule kulikuwa na binti mmoja wa kule Katana, mama yake anambeba mgongoni kuja mikutano, anangojea kiti. Ningekuwa mimi ni mwalimu, nami ningekasirika.

Jumamosi iliyofuata wakafika kwetu, mwalimu, maman mmoja wa komite, na papa président.

"Tumekuja kuona mutoto," wakasema.

"Karibuni!" maman akajibu kwa furaha. "Iko mu chumba. Leo iko simulateur kupita kiasi!"

Mwalimu akawageukia wenzake. "Mumesikia? Mama yake mwenyewe."

Wakaingia. Nilikuwa katikati ya mashindano. Papa président akasema, "Mutoto, simama."

"Papa?"

"Simama utembee. Tunajua yote. Kuna mutoto wa watu anabebwa mu mgongo sababu yako."

Ndugu zangu, nitawaambia kitu ambacho sijamwambia hata maman. Papa président ni mtu mkubwa, hasemi ovyo. Aliposema tunajua yote, nilishangaa hata nikaamini. Nikafikiri labda daktari amewaambia kitu. Labda miguu yangu inaweza, na ni mimi tu sikujua. Nikaweka mikono juu ya meza, nikajaribu kusimama.

Nilianguka na kifua juu ya volant. Gari kwenye kioo ikaenda kugonga ukuta. Maman akapiga yowe.

"Anajua kuigiza," mwalimu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Nikamfikiria yule binti. Nikasema, "Kama kiti ni chake, mumupelekee. Muniweke tu chini." Wakakamata kiti kwa nyuma, wakavuta. Kikakataa. Wakavuta tena wote watatu. Kikakataa.

"Ni nini inakamata huku?" papa président akasema. Akainama taratibu, juu mguu wake mmoja ni wa kuvaa, wa bandia. Aliwahi kuendesha camion za mizigo za kwenda Kalehe, wengi mnajua. Akaingiza mkono chini, na mkono ukakaa palepale. Nilimwona anapitisha kidole kwenye ile kona iliyoumwa.

"Hii cale," akasema. Akaniinulia macho. "Ni wewe ule convoyeur wa Kadutu? Mwenye hakukimbia?"

"Ni mimi, papa."

Akabaki chini. Alipoongea tena alikuwa anaongea na sakafu. "Na hii kitu ya mbele yako inaitwa aje?"

"Inaitwa simulateur, papa."

Mwalimu alikaa kwenye kitanda changu, mkono kwenye mdomo.

"Si njo vile nilisema!" maman akasema.

"Maman," mwalimu akasema polepole, "ulisema mutoto *iko* simulateur."

"Ee."

"Ungesema *iko na* simulateur."

Maman akamwangalia, akashangaa kabisa. "Na ile 'na' iko na kazi gani?"

Papa président alianza kucheka pale chini, na alicheka huku machozi yanatoka, tukashindwa kujua anafanya kipi kati ya viwili. Alipoinuka aliniomba msamaha, yeye mzee, mimi kijana. Mwalimu naye aliomba, halafu aliomba kujaribu. Aligonga ukuta mbele ya kona ya kwanza, mtu wa vitabu vyote vile.

Na ni yeye aliyetembea paroisse kwa paroisse, kila kanisa, mpaka akampatia binti wa Katana kiti chake. Yule pale, mnamwona. Anakuja kwetu kila Jumamosi kuendesha, ananishinda, na hana huruma.

Aksanti kwa papa fundi na redio zake zilizokufa. Aksanti kwa dada yangu, mega nitakulipa. Aksanti kwa mwalimu na komite, juu mlikuja kukosea lakini mliinama mkaangalia. Na nasema tu hivi: kabla hujamvuta mtu kwenye kiti chake, uliza mara ya pili alivyosema. Labda ni "na" moja tu imeanguka njiani. Na wewe unayelala umejifunika uso kama mimi, angalia chini ya kitanda. Kitu kilichokushinda siku ile, kinaweza kukusaidia leo. Mimi mwenyewe sijaacha kushangaa.

Nimemaliza. Mnaona sakafu ya salle yetu ya mikutano inateremka, ndiyo maana maman amekaa nyuma yangu muda huu wote, ameshika ile mbao nyuma ya gurudumu.

Maman, toa cale. Twende.