Jina la Hamsini

Kijiwe chetu kipo pale njia ya Kingerikiti inapochepuka kwenda mtoni, ubavuni mwa mtambo wa kumenya kahawa. Benchi lake lilikuwa la kanisa. Nililibeba peke yangu mgongoni kutoka parokiani, na anayebisha aje alinyanyue. Mwezi wa saba ukungu unashuka saa tisa mchana, na mtu aliye hatua kumi unamsikia sauti kwanza, uso unafuata baadaye. Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, ambaye wananiita Redio, Othmar, tunayemwita Daftari kwa kuwa ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, na Kilian, yaani Saa Mbovu, mwenye saa mkononi iliyogoma tangu ainunue. Mama Avelina, anayetuuzia kahawa pale, alikuwa ameshatumiminia. Barua ya mbunge ilikuwa gotini kwa Daftari, na hakuna mwingine aliyetaka kuishika.

— Soma tena, nikamwambia.

— Nimesoma mara tatu, Redio. Kipaumbele cha kwanza cha Mheshimiwa kwa kijiji hiki ni daraja la mtoni. Mwombaji, Notburga. Banda letu la soko limekuwa la nne.

— La nne! Saa Mbovu akaruka. Si tuliliandika la kwanza kwa mikono yetu?

Hapa lazima niseme, maana mkono ulikuwa wangu. Mheshimiwa aliagiza kijiji kikae, kipange vipaumbele, karatasi iwe na majina hamsini na namba za simu. Watu wako mashambani wanachuma kahawa, mkutanoni tukafika kumi na tisa. Daftari alikuwa na orodha mfukoni, ile inayosomwa kanisani kila Novemba kuwaombea marehemu wa jumuiya. Nikasema, jamani, hawa hawana ubishi, waingie. Tukawaingiza thelathini na mmoja, namba za simu nikazitoa kichwani. Wa hamsini alikuwa Bibi Notburga, mama mzazi wa Mama Avelina huyuhuyu. Mto ulimchukua miaka sita iliyopita pale penye magogo tunapovukia, na hajaonekana mpaka leo.

Jina lake tuliliandika, sikatai. Lakini daraja hakuliandika mtu.

— Ni makarani wa ofisini kwake, alisema Saa Mbovu. Wamechanganya na karatasi ya kijiji kingine.

— Kijiji gani kingine kina Notburga? Daftari akauliza.

— Basi Mheshimiwa amepiga hesabu. Makaburini kuna watu wengi kuliko majumbani. Anaanza kampeni mapema.

— Ninyi hamjui kitu, nikawaambia. Mimi nimefika Dodoma, nimesimama nje ya ukuta wa Bunge. Usiku Mheshimiwa akilala, wale thelathini na mmoja wanapanga foleni kitandani kwake. Wa nyuma kabisa nguo zinachuruzika. Asubuhi zulia limelowa, yeye anafikiri bomba limepasuka.

Nilitegemea wacheke. Daftari akatoa ile orodha mfukoni, akaikunjua polepole. Majina mengine yote yalikuwa makavu. La Bibi Notburga wino ulikuwa umetambaa, na karatasi pale ilikuwa mbichi.

— Mfuko wangu haujaguswa na maji, akasema. Nimeianika juani siku tatu. Kesho naenda kwa Mheshimiwa, naungama kila kitu.

— Huendi.

Alikuwa Mama Avelina. Kabla ya hapo hakuwahi kuingilia mazungumzo yetu.

— Mama Avelina, huo ni uongo mkubwa, Daftari akasema, na jina ni la mama yako.

— Mlipomwandika hamkuniuliza. Sasa mkimfuta, mnafuta na daraja. Mwanangu kaolewa ng'ambo ya mto, ana mimba ya miezi mitano. Novemba mto umejaa. Kwenda kujifungua atapita wapi, baba? Kwenye magogo yaleyale?

Kutoka upande wa mtoni tukasikia buti zinafyonza tope, zinapanda. Sauti ikatangulia.

— Shikamooni.

— Marahaba, tukajibu, bila kujua tunamjibu nani.

Alikuwa dada mmoja mwenye jalada kwapani. Akasema anaitwa Eunice, msaidizi wa mbunge, amewaacha mafundi kule chini wanapima.

— Namtafuta Mama Notburga. Tuliongea kwa simu wiki iliyopita.

Kahawa ikanimwagikia mapajani na sikuisikia moto.

— Kwa namba ipi, dada?

— Hii hapa kwenye karatasi. Nilipiga kuhakiki majina. Wengine wote hawapatikani, yeye akapokea, ila kulikuwa na mvumo mkubwa nyuma yake. Ndipo akaomba daraja.

Saa Mbovu akaangalia saa yake, kana kwamba ingemsaidia.

— Na litajengwa? Mama Avelina akauliza.

— Kabla ya mvua, mama. Mheshimiwa ameshasaini. Ila si pale penye magogo. Mama Notburga alisema twende juu, kwenye jiwe lililopasuka, maana penye magogo chini hapana mwisho. Leo mafundi wamepima kote kuwili. Penye magogo chuma cha mita kumi kimezama chote. Kwenye jiwe, mita mbili tu, mwamba.

Akafungua jalada, akatoa kalamu.

— Wanataka waje wamshukuru. Halafu wameniagiza swali moja. Kule chini ya maji, yeye alikujuaje?

Daftari akanitazama. Saa Mbovu akanitazama. Mimi nikamtazama Mama Avelina.

Mama Avelina akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema. Kama alikuwa analia au anacheka, sijui. Uso wake, ndani ya ukungu, ulikuwa bado haujafika.