Mama Taratibu na Mshipa Usio na Jina

Ijumaa ya tarehe thelathini Juni, Mama Taratibu anafunga mlango wa maabara yetu ya ukokotoaji na kwenda zake nyumbani, baada ya kuitumikia Idara ya Uhandisi Tiba kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wa idara amenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa meza yangu imetazamana na ya kwake muda wote huo. Hakuniuliza kama nafaa. Angeniuliza, ningemwambia wazi kwamba namwonea wivu mama huyu, tena si wivu wa kuigiza.

Alifika akiwa mhadhiri msaidizi, na begi la kitambaa na kikombe kisicho na mkono ambacho anakinywea chai hadi leo. Mimi nilimtangulia kwa muhula mmoja tu, nikajiona mkongwe, nikamzungusha kila ofisi kama mwenyeji wake. Haikupita miaka mingi akawa na shahada ya uzamivu, tuzo ya mwalimu bora, na nafasi ya maegesho yenye kivuli ambayo nilikuwa nimeizoea. Roho iliniuma zaidi kwa ile nafasi.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu, iko hivi. Mwili wa binadamu haukuumbwa ili kumrahisishia mtu hesabu. Ukitaka kujua damu inasukuma kwa nguvu gani ndani ya mshipa uliopinda, mlinganyo wake utauandika, lakini kuufumbua kwa kalamu ukapata jibu kamili, sahau. Kwa hiyo tunaukata mshipa vipande vidogovidogo ndani ya kompyuta, tunakisia jibu, tunalisahihisha, tunarudia tena na tena mpaka jibu litulie. Ukikata vipande vikubwa, unamaliza mapema. Ukikata vidogo, unasubiri.

Mimi ni mtu wa vipande vikubwa. Wanafunzi waliniita Mzee Chapuchapu, na mwenzangu wakamwita Mama Taratibu. Nilidhani mwenye kusifiwa hapo ni mimi.

Alituletea pia desturi yake ya ubao. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuwasha mashine kabla hajaandika ubaoni anadhani jibu litakuwa nini, na haruhusiwi kulifuta mpaka jibu lenyewe litoke. Alisema asiyeweza kukisia hajaelewa swali, anaitumikisha kompyuta tu. Basi tukawa tunaandika, profesa kwa mwanafunzi, na kuumbuka hadharani. Makisio yake yalikaribia mno. Kuna kipindi nilianza kuchelewa kazini makusudi, nifike ubao ukiwa umeshafutwa.

Mafanikio yake nitayataja, maana nimeagizwa. Vile vyuma vya kuunga mfupa wa paja vilivyokuwa vikivunjika baada ya mgonjwa kuanza kutembea, yeye ndiye aliyeonyesha kwamba tundu la mwisho lilikuwa mahali pabaya. Soketi za miguu bandia, yaani pale kigutu kinapoingia, zilizokuwa zikiwachubua watu, aliyezirekebisha ni yeye. Wahandisi vijana waliotapakaa hospitali mbalimbali, wengi wao ni kazi ya mikono yake. Mimi nilitoa picha zenye rangi nzuri zaidi, na yeyote aliyeziona atakubali.

Ili asije akavimba kichwa, niseme na haya: anaazima kalamu harudishi, na karanga anazila moja moja mkutano mzima mpaka unatamani umnyang'anye bakuli.

Sasa nifike kwenye lile linalonikaa kooni.

Miaka michache iliyopita daktari wa upasuaji alinikuta na uvimbe kwenye mshipa mkuu wa damu, tumboni. Haukuwa mkubwa kiasi cha kukimbizwa chumba cha upasuaji, wala mdogo kiasi cha kupuuzwa. Ukipasuka, basi tena. Daktari alitaka ukokotoaji wa ukuta wa mshipa, tujue utahimili au la, na kwa kuwa alijua ninapofanya kazi, akaniuliza ampelekee nani zile picha. Alicheka, akidhani nitajitaja mwenyewe.

Kweli, nilikuwa nimeshajipigia hesabu kimyakimya, mchana mmoja, kwa vipande vyangu vikubwa. Jibu lilikuwa zuri sana: nisubiri hata mwaka. Mke wangu aliponiuliza kama naliamini, niliinuka kutafuta namba ya simu ya daktari. Kuwashinda watu kwenye mkutano ni jambo moja, na tumbo langu ni jambo jingine. Nikamwambia daktari ampelekee Mama Taratibu, ila jina langu liondolewe. Sikutaka anionee huruma. Huruma yake ingeniua kabla ya mshipa.

Picha zikaja maabara bila jina. Aliandika ubaoni neno moja, asisubiri, akaanza kukata. Sijapata kumwona akikata vipande vidogo vile. Mashine ilihema wiki nzima, na mimi nimekaa meza ya pili nikijifanya nasahihisha mitihani. Jibu likatoka: ukuta wa nyuma ni dhaifu, mgonjwa apasuliwe upesi. Nikaaga idarani kwamba naenda kumtembelea shemeji yangu. Mama Taratibu akaniambia nisafiri salama na nimfikishie shemeji salamu.

Daktari alikuta ukuta wa nyuma mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Mwaka nisingeumaliza. Niliporudi kazini nilikuta mto laini kwenye kiti changu, na nilipouliza ni wa nani, kila mtu alikana.

Picha zile tukazifanya somo la darasani, tukaziita Mshipa Usio na Jina. Mwaka jana nilikuwa nazionyesha, mwanafunzi mmoja akauliza ni nini vile vitu vitatu vyeupe pembeni, kwenye nyonga. Nikasogea karibu, nikatazama. Zilikuwa skrubu zangu. Niliwekewa siku nilipoanguka kutoka juu ya kiti nikifunga projekta, mbele ya idara nzima, na aliyenikimbiza hospitali kwa gari lake ni Mama Taratibu. Nilificha jina, skrubu nikazisahau.

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Alijua ni mshipa wa nani anaoukata, na alijua sina shemeji wa kumpelekea salamu. Akajifanya hamnazo mpaka leo. Ningekuwa mimi nimemwokoa yeye, jamani, hata mlinzi wa getini angekuwa ameshachoka kuisikia habari hiyo. Ndiyo maana wivu wangu hauponi: hata kunyamaza amenishinda.

Mama Taratibu, dada yangu, asante kwa kila kitu, na kwa lile tusilowahi kulizungumza. Idara nzima inakuombea afya njema, asubuhi zisizo na mitihani ya kusahihisha, na wajukuu wenye subira ya kukungoja umalize karanga. Mto wako bado naukalia. Mimi nitabaki hapa nikikuonea wivu miaka mingi ijayo, na miaka hiyo uliikokotoa wewe.