Kadi ya Utando wa Mapafu

Marehemu Profesa Tak Ho-yeon alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 katika wilaya ya Yecheon, mtoto wa kwanza wa mzee Tak Byeong-su, mfugaji wa ng'ombe. Amezikwa leo, tarehe 19 Oktoba 2023, chini ya kilima hikihiki alichokuwa akichungia ng'ombe. Mkewe amelala juu, kwenye misonobari. Tangu asubuhi mnanong'onezana kwa nini kaburi limechimbwa huku chini na si kando yake, kama alivyotaka mwenyewe. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Tak Geum-sil, na utalijibu swali hilo. Ule ulioandikwa na chama cha walimu wa anatomia, kurasa mbili za sifa tupu, umetolewa kwenye kijitabu.

Utotoni marehemu alikuwa mtoto wa kupendeza, na hilo halina ubishi. Ng'ombe alipochinjwa kwa sikukuu ya mavuno, wenzake waligombea kibofu wakipulize wacheze mpira. Yeye alichuchumaa kando ya mchinjaji na kuuliza kila kitando kinaitwaje. Mchinjaji alikuwa na jina la kila kimoja. Utando uliofunika utumbo aliuita shuka, ule wa mafuta uliotangulia mbele yake aliuita aproni, na kile kifuko chembamba cha moyo kilikuwa foronya. Mtoto alirudi nyumbani akiwa na damu hadi viwikoni, akiyakariri majina hayo. Mama yake alimchapa kwa ajili ya shati, kisha akacheka kwa ajili ya foronya.

Alisomea udaktari mjini Daegu kuanzia mwaka 1953 hadi 1959. Huko aliamriwa kusahau shuka na aproni, akakariri majina ya vitabuni, ya Kichina cha kale, ambayo mgonjwa yeyote angeyasikia kama matusi. Siku moja alisema "foronya ya moyo" mbele ya maiti na darasa zima, akala kofi la mwalimu. Kofi hilo alilisimulia maisha yake yote, na wengi wenu mmelisikia zaidi ya mara kumi.

Tarehe 14 Oktoba 1961 alimwoa Ok Bun-rye, binti wa mtengeneza karatasi za milango, zile zinazowambwa kwenye fremu badala ya mbao. Bun-rye aliweza kufumba macho, kukwaruza karatasi kwa ukucha, na kukuambia imekaushwa jua la mwezi gani. Walijaliwa mtoto mmoja, Geum-sil, mwaka 1963.

Kazi yake mnaijua. Kwa miaka thelathini na saba alifundisha anatomia, na kila likizo alizunguka masoko na vijiji, kadi mfukoni na penseli sikioni, akiwauliza wachinjaji, wakunga na vikongwe wanaitaje kila utando wa mwili. Alikusanya kadi 4,312. Kwa kadi hizo alipambana na wakubwa wake mpaka vitabu vikaandikwa upya, na leo mwenye maji kifuani huambiwa kwa lugha ya mama yake ni utando upi unaouma. Mwenyekiti wa chama, Profesa Bong Sang-jun, alipenda kumwita "mtu mwenye masikio kuliko sisi sote". Jana aliirudia sentensi hiyo kwenye ukumbi wa msiba, bakuli la supu mkononi, na watu wakalia.

Nyumbani masikio hayo yalikuwa likizo. Mapema mwaka 1979 Bun-rye alianza kuegemea upande wa kushoto akipanda ngazi. Asubuhi moja ya Machi, Geum-sil akifunga chakula chake cha shule, mama alisimama na sufuria ya wali mkononi.

"Baba Geum-sil, huku mbavuni kuna kitu. Nikivuta pumzi ni kama karatasi ya mlango inachanwa ndani."

"Mm," alisema marehemu. Alikuwa ameinamia meza, anaandika.

"Inachanwa polepole. Na mtu asiye na haraka."

"Mm. Karatasi mpya au iliyozeeka?"

Bun-rye alicheka. "Imezeeka, kama mimi. Kula, wali unapoa."

Marehemu alikula, akaenda kituoni kupanda gari la moshi la Daegu. Mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa pili angejua maumivu hayo ni ya wapi. Bun-rye alifikishwa hospitalini Juni, baada ya kuanguka jikoni, akatolewa lita moja na nusu ya maji kifuani. Saratani ilikuwa imeshaula utando wa mapafu. Alifariki tarehe 2 Novemba 1979. Kwa miaka arobaini na nne binti yake alijifariji kwa jambo moja dogo: kwamba asubuhi ile baba alikuwa akisahihisha mitihani na hakusikia.

Tarehe 3 mwezi huu marehemu aliteleza kwenye ngazi za bafu la umma. Daktari kijana alimweleza kwamba damu imevujia chini ya utando mgumu wa ubongo, na akamweleza kwa maneno aliyoyapigania yeye. Marehemu alitabasamu, akaomba penseli amuulize bibi wa kitanda cha jirani kwao wanauitaje. Jioni hiyo alimshika binti yake mkono. "Nizike kando ya mama yako." Geum-sil alijibu, "Sawa, baba." Alifariki tarehe 17 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri.

Siku hiyohiyo Profesa Bong aliomba kadi moja nzuri ya kuweka kando ya picha ya marehemu. Geum-sil alifungua droo ya tando za kifua, na hivi ndivyo alivyosoma, kwa mwandiko wa baba yake:

"12 Machi 1979. Mwanamke, miaka 41, binti wa mtengeneza karatasi. Utando wa mapafu. 'Nikivuta pumzi ni kama karatasi ya mlango inachanwa ndani, polepole, na mtu asiye na haraka.' Karatasi iliyozeeka. Nzuri sana. Uliza tena."

Alisikia. Alisikia kila neno, akalipenda, akalitia mfukoni.

Jana mdogo wa marehemu, Tak Mu-yeon, aligomba mbele ya wachimba kaburi. "We Geum-sil, unanitia aibu! Shemeji yuko kule juu peke yake miaka arobaini na nne!"

"Ameshazoea, baba mdogo."

"Na ulimwahidi baba yako!"

"Nilimwahidi kabla sijasoma." Akampa kadi. Mzee aliisoma mara mbili, akavua kofia, akawaambia wachimbaji waendelee kuchimba palepale.

Marehemu ameacha mdogo wake, binti yake, wajukuu wawili, na kadi 4,311 ambazo chama kinaweza kuja kuzichukua. Moja imebaki pale mezani, kando ya picha. Mnaopita kuinama, isomeni.

Apumzike hapa chini. Kutoka hapa hadi kwa Bun-rye ni hatua mia mbili na kumi za kupanda. Akitaka kuuliza tena, apaze sauti.