Mama Nakala, Mpiga Chapa, na Wasifu Uliogoma Kufunguka

Marehemu Mama Nakala alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga. Dada zake wanasema alianza kuwapanga wenzake kwa urefu kabla hajaota meno. Hapo wametia chumvi, lakini marehemu mwenyewe hakuwahi kukanusha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, na mwaka 1971 akahitimu chuo cha uhazili akiwa na kasi ya maneno sabini kwa dakika, macho yakiwa dirishani.

Januari 1972 aliajiriwa ofisi ya upimaji ardhi. Jina alilipata huko, maana karatasi haikutoka mezani kwake bila nakala tatu. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliikwepa, yeye akaivamia. Tarehe 9 Agosti 1991 umeme ulikatika akiwa ukurasa wa sitini na mbili wa ripoti ambayo hakuwa ameihifadhi hata mara moja. Alinuna siku mbili. Tangu hapo akawa na kauli moja tu, "Hifadhi kwanza." Aliisema kabla ya kula, kabla ya safari, hata kabla ya kugombana na mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa taipureta. Mwaka 1974 aliitwa kutengeneza herufi R ya mashine ya marehemu, na mwezi huo R ikaharibika mara kumi na moja. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Miaka arobaini ilipita ndipo marehemu alipokiri kwamba alikuwa akiilegeza mwenyewe kwa kibanio cha nywele. Mzee akajibu kwamba alijua tangu mara ya tatu, ndiyo maana hakuikaza. Walijaliwa watoto watatu, aliowaita Halisi, Nakala ya Kwanza na Nakala ya Pili.

Alipostaafu mwaka 2006 alinunua kompyuta kuukuu ya ofisini, akachapia watu kazi barazani kwake. Programu yake ilikuwa na skrini ya buluu na herufi nyeupe, na mafaili yake hayakufunguka kwingine kokote. Mwalimu mkuu mmoja alipeleka diski ya mtihani aliochapiwa na marehemu kwa mchapaji wa mjini, ukatoka vijisanduku na alama za kuuliza kurasa nne. Marehemu alimweleza kwa upole kwamba mashine za siku hizi hazijui kusoma.

Nakala ya Pili, ambaye ndiye anayewasomea hapa, alimnunulia kompyuta mpya. Marehemu alishukuru sana, akaifunika kitambaa, akaweka chungu cha maua juu yake. Binti akamwambia kwa hasira kwamba anang'ang'ania takataka. Hakuwahi kuomba radhi, na jambo hilo limemuuma wiki hii yote.

Novemba 2023 figo zilianza kumsumbua. Akiwa wodini alisema wasifu wake ameshauandika, wasije wakamtungia upuuzi. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Diski tatu zilikutwa chini ya godoro, zote na wasifu uleule. Diski zenyewe zilisomeka kwa kifaa cha kuazima, lakini kompyuta mpya ikatoa vijisanduku. Fundi simu alishindwa, mchapaji wa ratiba hii ya mazishi mliyoishika akashindwa, na ratiba ilitakiwa mtamboni Alhamisi saa sita. Ndipo mzee alipopangusa vumbi kompyuta ya barazani. Ilikoroma, ikawaka buluu, na faili likafunguka mara moja. Mengi mliyosikia ni maneno yake mwenyewe. Mwishoni aliandika: "Tarehe ya kufariki ajaze Nakala ya Pili, ndiye aliyerithi vidole vyangu. Asiguse fonti."

Binti aliketi kwenye kiti cha mama yake, akajaza. Mashine ikauliza kama mabadiliko yahifadhiwe. Hapo vidole vikagoma, maana kukubali ilikuwa kukubali. Mzee akamshika bega.

"Hifadhi kwanza, mwanangu," alisema. "Utalia baadaye."

Akahifadhi. Kisha akalia.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kompyuta moja, ambayo haiuzwi.

Pumzika salama, Mama. Fonti haijaguswa.