Mgeni Rasmi Asiingie Chumba cha Mayai

Mgeni rasmi, mama Stéphanie Nkulu, mkaguzi wa ufugaji: karibu sana kwenye mabwawa yetu, hapa nje kidogo ya Kolwezi. Aliyepaswa kukusomea risala hii ni mama Tshiela. Usimhesabu kuwa hana adabu kwa kutokuja kukupokea. Yuko chumbani na mayai ya samaki, nasi tumeona tukueleze habari zake kuliko zetu.

TULIKOTOKA

Mabwawa haya tuliyachimba kwa majembe, na aliyechimba kuliko sote ni tata Ngeleka, mume wa Tshiela. Vifaranga vya tilapia tulivinunua mbali, vingi vikafika vimekufa. Tshiela akatamani tutotoleshe wenyewe. Alijifunza kuyatoa mayai mdomoni mwa mama samaki, maana humo ndimo anamoyalea, na kuyaweka kwenye chupa zenye maji yanayotembea.

Mwaka jana walikuja wageni. Tuliona haya kuwakataza, wakatumbukiza mikono, wakapiga picha. Kisha umeme ukakatika, maji yakasimama. Mayai machache yakafa, yakaota ukungu mweupe kama pamba, ukavamia na yaliyo mazima mpaka mayai ya chupa zote yakaoza. Tata Ngeleka akamwambia mkewe, "Mi nimechoka na mayai ya kufa. Ile siku itatoa samaki, uniite." Akaenda Tenke kuchimba madini. Hajarudi.

TUNAVYOPAMBANA

Siku hizi Tshiela anachemsha vyombo na kunawa hadi viwiko. Yai likigeuka jeupe, analinyonya kwa mpira mwembamba kabla halijaharibu mengine. Umeme ukikatika, tunamimina maji kwa zamu. Tunamtania kwamba anaongea na mayai kuliko na sisi. "Mayai haikimbiake Tenke," hutujibu. Anacheka nasi, kisha anatazama simu yake. Anamtamani mumewe, mama, wala hafichi.

MAOMBI

Paneli ya jua tutaiomba baada ya chakula. Ombi la sasa linatutia aibu, kwa kuwa kwetu mgeni hafungiwi mlango: tafadhali, usiingie chumba cha mayai. Tangu asubuhi macho yanaonekana ndani ya mayai, meusi, mawili mawili. Hatujawahi kufika hapo. Tazama kupitia dirisha, na ukimwona Tshiela ameinama, usimgongee kioo.

Jambo lingine yeye hakututuma. Amesema hatampigia mumewe mpaka samaki waogelee. Lakini kesho gari lako litapita Tenke. Ukimpata tata Ngeleka, mwambie aje nyumbani. Akiuliza kama samaki wametoka, mwambie bado. Aje hivyo hivyo, ili mayai yakioza tena, Tshiela asiyamwage peke yake.

Mungu akufungulie barabara, mama, akurudishe salama kwa watu wako.

Ni sisi,
Umoja wa Wafugaji Samaki wa Kamilenda, Kolwezi
Imesomwa na mama Odile Mushiya