Mzee Korongo, Mwongoza Wageni wa Bonde la Mto

Mpendwa wetu, aliyejulikana na wote kama Mzee Korongo kwa urefu wa miguu yake, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi cherehani na mvuvi wa mtoni. Alisoma hadi darasa la saba na kufaulu vizuri, ila mafuriko ya mwaka ule yalichukua nyumba yao, na masomo yakaishia hapo.

Mwaka 1974 aliajiriwa kuongoza wageni katika hifadhi ya wanyama ya bondeni. Aliwapitisha kwenye mabwawa ya viboko, kwenye mbuga inayofurika kila masika, na msituni kando ya mto. Kwenye matete tu, wanakotaga korongo, hakumpeleka mtu. "Kwa mzazi hatuingii bila kuitwa," aliwaambia, na wageni wakacheka wakageuza.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1979. Pamoja na mke alipata shemeji, kaka mdogo wa mkewe, akampenda kama pacha wake. Alimfundisha kazi, akamwonyesha hata njia ya kwenda kwenye viota. Naye shemeji, kwa kutaka sifa za wageni, akafyeka matete na kunyoosha njia ya mtumbwi hadi vilipo viota. Mto ulipofurika, maji yaliyozoea kupunguzwa kasi na matete yalipita humo moja kwa moja, yakasomba mayai na makinda yote. Msimamizi wa hifadhi alipouliza, shemeji akajibu, "Shemeji mwenyewe ndiye aliyeniruhusu."

Mzee Korongo akafukuzwa kazi. Hakujitetea, kwa kuwa mkewe alikuwa jikoni akilia, katikati ya mume na kaka. Kikulacho ki nguoni mwako, na tuseme wazi: jambo hilo lilimuuma hadi mwisho.

Alianza kuugua figo mwaka 2019. Shemeji alikwenda kumwona wodini na machungwa, akakaribishwa kiti.

"Shemeji, yale si yalishapita?"

"Kwako," akajibu mgonjwa, akaendelea kumenya chungwa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Agosti 2021, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na shemeji mmoja, aliyeketi nasi hapa. Marehemu aliagiza atajwe, maana ni ndugu. Aliagiza pia asibebe jeneza, na mjane ndiye aliyetaka hilo lisomwe mbele yenu.

Mungu ampe mzee wetu pumziko jema.